Kampasi Sita Zinamwombea Mwanangu Arudi, na Sijawahi Kumzaa

Shangazi Jerioth,

Shikamoo. Kama nimekuzidi umri nisamehe. Nina furaha na nina shida, vimekuja siku moja, nisaidie kabla ya Jumapili ya ufunguzi. Jina langu usitaje. Naponda kokoto Genkuru. Ni mjane. Shule niliacha darasa la tatu, nikikosea wewe nyoosha.

Kwanza nikwambie habari ya kanisa maana ndiyo inanifanya nisitulie. Linaitwa Uwanda wa Neema. Hatuna dhehebu. Msabato anakuja, Mkatoliki anakuja, mzee wa mila anakuja na fimbo yake anakaa. Mchungaji ni mmoja, Nikodemo, anahubiri Tarime mjini, na sisi wengine tunamuona kwenye skrini, kampasi nyingine saa ile ile, nyingine baadaye. Wanaita kampasi. Nilicheka siku ya kwanza. Mtu mmoja anahubiri mahali sita!

Genkuru tulianza tisa, wote wanawake wa kokoto. Gari la kanisa lilikuja kuchukua mawe ya kujengea kampasi ya Nyansurura. Mchungaji akashuka, akatukuta tunaponda, akaomba nyundo. Mtu wa Iringa yule, mikono laini. Pigo la pili akajiponda kidole. Akasema, "Mama zangu, naomba niwaombee." Nikamwambia, "Wewe ndiye wa kuombewa, damu inatoka." Tukamwombea sisi, tumekaa juu ya rundo la mawe. Hapo ndipo kampasi yetu ilipozaliwa.

Sasa tuko mia tatu na kitu. Mwaka mmoja na nusu! Kwenye rundo tulijaa, tukaenda chini ya turubai nyumbani kwangu, turubai likajaa, tukapanga banda la video, limejaa, vijana wanakaa dirishani mguu mmoja ndani mguu mmoja nje. Robanda wamefungua pia, ibada yao ni saa nane mchana kwa sababu usiku wanafukuza tembo mashambani na asubuhi wamelala. Nyansurura wanaanza ng'ombe zikishakunywa maji. Mugumu wana kwaya mbili zinagombania kuimba. Sirari watu wanavuka mpaka kutoka Kenya, wanacheza hadi vumbi linaziba skrini. Na Jumapili hii sisi tunafungua jengo letu wenyewe, la bati, kokoto ya msingi tumeiponda kwa mikono yetu. Juzi nilipita pale nikapiga kigelegele peke yangu. Fundi akashuka ngazi mbio, akadhani nimeona nyoka.

Na kiongozi wa kampasi ni mimi. Mimi! Darasa la tatu!

Sasa shida.

Nilizaa wasichana watatu. Mvulana sikupata. Mume wangu akafa. Wasichana wakaolewa, mmoja yuko ng'ambo Kenya, ng'ombe za mahari zikaja. Sisi Wakurya nyumba isiyo na mtoto wa kiume inafungwa, jina linaisha. Kwa hiyo nilioa. Wewe Mjaluo usishangae, ni mila, inaitwa nyumba ntobhu. Mwanamke kama mimi anatoa ng'ombe anaoa msichana, msichana anazaa watoto wa nyumba ile. Nilimuoa Eunice. Alikuwa na miaka ishirini, sasa ana ishirini na sita. Siku ya ng'ombe wazee walisema, "Ng'ombe hizi ni za Wangwe." Wangwe ni jina la baba mkwe wangu, ndilo angepewa mwanangu kama ningemzaa. Basi Eunice ni mke wa Wangwe. Ni mkamwana wangu. Kijijini hakuna anayeuliza Wangwe yuko wapi, wote wanajua hajawahi kuwepo. Eunice ana watoto wawili. Baba yao ni mwanaume niliyemtafuta mimi, ana mke wake. Watoto ni wa nyumba yangu. Ndivyo tunavyokaa.

Kanisa likaleta fomu za vikundi vya nyumbani. Mchungaji mwenyewe alikuja kwangu kuandika.

"Huyu dada ni nani yako, mama?"

"Mkamwana."

"Mume wake yupo?"

"Hayupo."

"Ameenda machimboni?"

Nikamwambia karibu uji.

"Jina lake nani?"

"Wangwe," nikasema, kwa sababu ndilo jina.

Akaandika. Halafu akashika mikono yetu, akasema, "Bwana, mrudishe Wangwe nyumbani!" Nikaitikia amina. Ningesema nini? Mtu ameshafumba macho.

Nilidhani imeisha. Jumapili iliyofuata jina la Wangwe lilikuwa kwenye skrini. Kampasi zote. Watu wa Mugumu ambao sijawahi kuwaona wanalia wanamwita mwanangu arudi. Wakafunga siku tatu kwa ajili yake. Okech wa Sirari akanipigia simu, "Mama, nimemuona Migori! Mrefu, mweusi, nimemuita Wangwe akageuka!" Robanda wakasema wao wana Wangwe mmoja anaosha magari kwenye kambi ya watalii. Nikawaambia sio yeye. Wakasema, "Umejuaje na hujamuona?"

Kwenye mawe Scholastica, tunaponda wote, ananiita kwa sauti ili wenzake wasikie, "Mama Wangwe! Mwanao akifika mwambie aje na wa kwangu, na mimi sikuzaa mvulana!" Wanacheka mpaka nyundo zinaanguka. Mimi nacheka pia. Nikifika nyumbani sicheki.

Wiki iliyopita akapiga simu Dorah wa ofisi ya mjini, ndiye anapanga ufunguzi wetu. Akasema, "Mama, tumekutengea muda utoe ushuhuda. Kampasi sita zitakuona. Na kiti cha Wangwe tumekiweka mbele kwa imani, tumekifunika kitambaa cheupe." Kiti, Shangazi. Nimekiona. Kipo.

Eunice anaimba kwaya, ana sauti, watu wanamjia kumsikiliza yeye. Wakianza kumwombea Wangwe analia, na wamama wanaotoka vijiji vingine wanamkumbatia, "Vumilia mwanangu, mume atarudi." Siku moja tukiwa kisimani akaniambia, "Mama, watu wote hawa wanamwombea mtu ambaye hayupo. Mimi nipo. Nani ananiombea mimi?" Nikamwambia chota maji twende, jua limekuwa kali.

Nilifikiria kusema Wangwe amekufa. Nikamwambia Scholastica. Akaweka nyundo chini. Akasema, "Watakuja kwenye matanga. Kampasi sita. Utamzika nani?"

Nikisema ukweli, mchungaji atasema Eunice si mkamwana wangu, aende kwao. Alihubiri mwezi uliopita kwamba ndoa ni ya mume na mke, anayekaa vingine atengeneze. Uongozi akininyang'anya nitaumia lakini nitaponda kokoto kama zamani. Eunice na wajukuu wakiondoka nimebaki na nini? Nyumba imefungwa kweli. Nisiposema, Jumapili nasimama mbele ya kiti kitupu nadanganya watu elfu.

Nifanye nini? Jibu fupi. Sina muda.

Mponda kokoto, Genkuru


SHANGAZI JERIOTH ANAJIBU

Mama, marahaba, pokea na pole ya mawe. Barua yako nimeitoa chini ya rundo nikaiweka juu. Umeniomba nisitaje jina lako halafu umetaja kila kitu kingine mpaka saa za ibada za Robanda. Kwa hiyo nimebadili majina ya watu wote, la kanisa na la kijiji pia, isipokuwa la Wangwe. Yeye hana namna ya kulalamika.

Hongera kwanza. Wanawake tisa juu ya mawe na leo mia tatu! Nimesoma nikasimama kwenye kiti changu hapa ofisini. Furaha hiyo ni yako halali, usiione haya.

Sasa kaa nikugombeze.

Mila yako siishangai, mama yangu mzazi ni Mkurya, nyumba za namna hiyo nimekula kwao. Kutaja jina la Wangwe haikuwa kosa, ndilo walilokupa wazee. Kosa lilianza skrini ilipowaka. Watu wamekesha na tembo, wakaamka na njaa, wakafunga siku tatu kwa ajili ya mtoto wako. Ukawaacha. Ulikuwa na simu mkononi, ulikuwa na mdomo. Wenzako wa mawe wanajua, kijiji kizima kinajua, wanaodanganywa ni watu wa mbali, na yule aliyekuja kwenu akajiponda kidole. Hiyo si mila ya Kikurya wala ya mtu yeyote. Ni woga.

Na hilo la kumuua Wangwe, asante Mungu kwa Scholastica. Mnunulie soda.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko hilo na wewe umelipita mbio. Barua yako nimeisoma mara tatu. Jengo umelisifia, kokoto umeisifia, kwaya za Mugumu umezisifia ambazo hata hujaziona. Eunice amesema neno moja tu katika barua nzima, na ulimjibu chota maji. Mwanaume ulimtafuta wewe. Eunice alimtaka? Hujaandika. Anapenda kukaa kwako? Hujaandika. Nadhani hujui, na nadhani hujui kwa sababu unaogopa kuuliza. Unaniambia mchungaji atasema "aende kwao". Mama, yule ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, ana watoto wawili. Si debe la maji la kusema fulani atalichukua. Akikaa, akae kwa kutaka. Akiondoka, ataondoka kwa miguu yake.

Kwa hiyo leo, ukimaliza kusoma hapa, weka nyundo. Mwite Eunice mkae chini wawili, watoto waende kwa jirani. Umwambie, nilikusikia kisimani nikajifanya sikusikia, nisamehe. Halafu muulize anataka nini na maisha yake. Ukishauliza, nyamaza. Wewe ni mtu wa maneno, najua itakuwa kazi kuliko mawe.

Kesho yake panda gari uende Tarime kwa mchungaji, uso kwa uso. Usimpigie simu, na usimshtukize Jumapili mbele ya watu, yule kijana hajakukosea. Mweleze yote, ng'ombe, wazee, jina, fomu. Mtu wa Iringa hawezi kujua ambalo hajaambiwa. Omba jambo moja tu kwake: neno lolote kuhusu Eunice lisisemwe bila Eunice mwenyewe kuwepo, iwe kanisani, ofisini au kwa wazee. Kama atakupumzisha uongozi, pumzika, usigombane, usigawe watu.

Jumapili simama useme mwenyewe. Usizunguke. "Wangwe hayupo. Sikumzaa. Niliacha mumwombee kwa sababu niliogopa. Nisameheni." Wengine watakasirika, wana haki. Wengine watacheka, na wewe cheka nao. Kanisa lililoanza kwa kumcheka mchungaji halitavunjika kwa hilo. Habari ya Eunice usiitoe wewe, ni yake. Akitaka kusema atasema.

Kama atataka kuondoka, usitaje ng'ombe. Narudia, usitaje ng'ombe. Watoto wasigeuzwe fidia. Waite wazee wa pande zote mbili pamoja na afisa ustawi wa jamii wa kata yenu, mkae, muandike watoto wataishi wapi na wewe utawaona lini. Bibi unabaki kuwa bibi hata wajukuu wakilala nyumba nyingine. Kama atataka kukaa, basi akae kama mtu wa nyumba, mwenye sauti yake na shamba lake, na mwanaume, kama anamtaka, amchague mwenyewe.

Uliniomba jibu fupi. Fupi ni hili: ukweli wa kampasi sita utakuchukua dakika moja. Ukweli wa Eunice ndio mzito, na unaweza kukuumiza. Usimkatize. Msikilize mpaka amalize, halafu uende ukafungue kanisa.