Mfereji wa Kidole Chake

Jumatatu, 3 Juni
Mwenye duka amerudisha asali ya Mama. Chupa zote kumi na nane, kwenye katoni ileile. Imeganda, imepauka kama nta. Wateja wanamsema, eti anawauzia sukari iliyochemshwa. "Marehemu asamehewe," akasema, hata kuketi hakuketi.
Asamehewe nini! Miezi miwili tangu tumzike, na leo anahitaji msamaha wa muuza sabuni.
Nikamweleza: asali halisi huganda. Ina sukari nyingi mno kwa maji yale machache. Glukosi hujitenga, hushika punje ya chavua au kipande cha nta, fuwele zikaota juu yake. Baridi ikiingia, ndiyo kabisa. Akasikiliza kwa adabu. Kisha: "Umesoma, mwanangu. Lakini wateja wangu wana macho."
Baba akaibeba katoni, akaipeleka stoo.

Jumatano, 5 Juni
Nimemkuta Baba stoo, amepiga magoti mbele ya ndoo ya mwisho ya asali, ile aliyoirina Mama mwenyewe mizingani kabla ya kuugua. Akauliza bila kunitazama: zile siku alizokuwa akijifungia humu, alikuwa akifanya nini?
Alikuwa akikamua asali, akizuia nyuki wasifuate harufu! Unajua, Baba!
Anajua. Anauliza hata hivyo. Miaka ishirini na sita, kitanda kimoja.
Shangazi, dada yake, naye hakubaki nyuma: "Ndiyo maana wifi yangu chai yake ilikuwa haina utamu — sukari yote ilikuwa inaishia kwenye ndoo!" Akacheka peke yake. Baba hakucheka. Wala hakumkemea. Hilo ndilo lililonichoma. Nimeapa kutosema na Baba.

Alhamisi, 6 Juni
Nimekwenda maabara ya chuo nilikosoma. Mpimaji bado ni yuleyule, tuliyekuwa tukimwita Miwani. Atapima, ataandika cheti: ni asali, au si asali. Sharti moja — isiwe imechemshwa. Moto hufuta ushahidi. "Ilete ilivyo, dada, hata kama imekuwa jiwe. Jumanne."
Nyumbani sikumwambia mtu. Bado nimenuna.

Jumamosi, 8 Juni
Harufu niliikuta mlangoni. Kitu kitamu kinaungua.
Baba jikoni, jasho linamtiririka, mwiko mkononi. Ndoo nzima ndani ya sufuria kubwa. Na chupa zote kumi na nane! Inatokota. Nyeusi kama dawa ya kikohozi.
"Njoo uone! Imeyeyuka yote! Mwenye duka hana la kusema sasa." Alikuwa anatabasamu. Mara ya kwanza tangu mazishini.
Nikakaa sakafuni. Nilitaka nisimwambie. Nikamwambia.
Akazima jiko. Akaendelea kukoroga.

Jumapili, 9 Juni
Baba amelala ameelekea ukutani. Hajala. Maneno matatu tu yangetosha: Baba, usiichemshe. Nikamnyima. Yeye alimshuku Mama, mimi nimemmaliza.

Jumanne, 11 Juni
Ipo moja ambayo haikuchemshwa. Nyuma ya vitabu vyangu — kikopo cha kioo kutoka ndoo ileile. Siku aliyonipa Mama ilikuwa imeshaanza kushikana. Aliichota kwa kidole, akaonja, akafunga. "Hii yako. Usimwoneshe shangazi yako, atahamia hapa na kijiko chake."
Mfereji wa kidole umebaki. Asali ilimgandia hapohapo. Hata mkunjo wa kiungo unaonekana. Sijawahi kuila.
Naandika maabara, daftari gotini. Baba yuko kando yangu, shati limepigwa pasi. Miwani amefungua kikopo, akakigeuzageuza kwenye mwanga. Inatosha, anasema. Ila ikiwa imeganda haipimiki sawasawa: itakaa kwenye maji ya uvuguvugu, iyeyuke, ikorogwe yote iwe kitu kimoja. Joto dogo hilo haliharibu kitu.
Haliharibu kitu!
Nikakichukua kikopo. Baba akainama juu yake. Akanyoosha kidole chake juu ya ule mfereji, hewani, bila kugusa. Kirefu kuliko cha Mama.
"Mimi nimeshaamini," amesema. "Turudi nayo nyumbani, mwanangu."
Wewe umeamini. Na Shangazi? Na mwenye duka, na wote wale wenye macho?
Maji yako tayari, Miwani anasema. Ameangalia kipimajoto mara mbili. Amenyoosha mkono, na anayemtazama ni mimi, si Baba. Kikopo kimepata joto la viganja vyangu. Pembeni, kwenye kioo, asali imeanza kulainika —