Mfuniko wa baba watoto

Shoga, ule uvumi wa fundi viatu aliyezimika king'ora kilipolia, eti moyo wake mzima, uliniganda kichwani. Ukanicheka, ukasema napenda kutafuta msiba.

Haya, sikia.

Unajua baba watoto anavyomwamsha kitinda mimba wetu: anagonga mfuniko wa sufuria mlangoni. Leo kagonga, binti kainuka, kaanguka puu.

Baba mtu anacheka. "Msanii kaanza, hataki kwenda darasa la kushona."

Nikamwambia, "Mtoto kageuza macho wewe." Ndipo akainama kumtazama, mfuniko bado mkononi. Binti akazinduka mwenyewe.

Hospitali wakampima. Moyo hauna tundu wala kidonda. Ila umeme wake una hitilafu ya kurithi. Akishtuliwa, mapigo yanakwenda ovyo, damu haifiki kichwani. Yasipotulia, ndiyo basi.

"Mfuniko, daktari?" baba watoto kauliza.

"Mfuniko, mzee."

Binti kitandani akamwambia, "Baba, ungesema tu umenichoka." Baba mtu kacheka, shoga, kacheka mpaka machozi yakawa ya kweli.

Kaanzishiwa vidonge, na sisi wote tutapimwa.

Sasa mtoto wako. Kila filimbi ya shule ikilia karibu yake anaanguka, nawe unasema njaa. Kesho mpeleke akapimwe umeme wa moyo. Kabla ya hapo:

Usimshtue akiwa amelala. Simu ya kumwamsha iondoe kitandani.
Asiogelee, asishindane mbio.
Usimpe dawa yoyote ya dukani bila kumuuliza daktari.
Na usiseme tena ni njaa.