Kigae cha Nassor

Alkhamisi, 12 Machi 1998

Na wala sikugomba. Hilo ndilo linalonishangaza.

Nimerudi kutoka kazini, mtaa wa Ghala, nyumba nzima inanukia ubani. Chetezo chetu jirani kakiazima kwa harusi, basi Mama katia makaa kwenye kigae, kama walivyokuwa wakifanya kwao Unguja. Ila kigae chenyewe ni cha marehemu kaka yangu Nassor, alichokichimbua Dorset, Uingereza, alipokuwa akisoma. Cha zama za Warumi. Juzi rafiki yake Mwingereza kapiga simu, wanakitaka kwenye makumbusho ya huko, nami nikaahidi kukipeleka posta.

Nikakinyanyua kwa mkono mtupu, nikatazama chini yake.

"Mama, hapa palikuwa na namba ya wino."

"Nimeisugua kwa jivu. Kilikuwa kichafu."

Bila ya ile namba hakuna ajuaye kimetoka shimo gani. Nassor akinambia kila mara, namba ikipotea kigae ni takataka tu.

"Leo usiku wa kuamkia Ijumaa," Mama akasema. "Nnamfukizia mwanangu."

Nikakirudisha pale pale.

Vidole vimebabuka. Nimeviona sasa hivi, niliposhika kalamu. Tangu tumzike niko hivi hivi, siumwi, silii. Naogopa labda ndiyo basi, ntabaki hivi…

Chini ya kigae kuna masizi ya zamani. Nassor alisema kuna mwanamke wa zama hizo alikipikia, kilipokuwa bado chungu kizima. Leo na juu kimeingia masizi.

Kesho ntampigia yule Mwingereza, nimwambie kigae hakitokuja. Kina kazi huku.