Kikapu cha Marfa

Shoga yangu Marfa,

Nina hasira, na sioni wa kumwambia ila wewe.

Ulipofariki nilijizuia siku tatu nisije kwako. Kwetu vitu vya marehemu haviguswi kabla matanga hayajaanuliwa, na mimi mjinga nikadhani ni hivyo kwa kila mtu. Siku ya nne nikaja kwako Azaiba na chupa yangu ya kahawa, nikakuta mlango wazi na nyumba tupu. Shule uliyokuwa ukifundisha, wenye nyumba, ilikuwa imeshaagiza kila kitu kitolewe. Yale majani ya kusukia vikapu uliyoletewa kutoka kisiwani kwenu, yaliyokaushwa wiki kwa wiki, uliyokuwa ukiyachana kwa ukucha wa kidole gumba, yametupwa. Binti wa Tanga aliyesafisha akaniambia, "Mama, niliambiwa ni nyasi tu." Kikapu ulichokuwa hujakimaliza alikionea huruma akaondoka nacho. Nilikikuta kwake, kimetiwa vitunguu saumu; nikamwomba, akanipa.

Yeye simlaumu. Nawalaumu wale wa shule walioandika kwenye tangazo la msiba kwamba wewe ni Mrusi, eti kwa sababu ya jina. Miaka yote ile hawakukuuliza. Mimi uliniambia: Warusi walikuja visiwani kwenu kufuata ngozi za wanyama wa baharini, wakawaachia majina yao, hata hilo la Aleuti mnaloitwa na watu. Nyinyi mnajiita Unangan. Ukanihadithia bibi yako alivyohamishwa na serikali yenu wenyewe wakati wa vita vya dunia, na kijiji chake kikaachwa kife. Nililia, maana bibi yangu naye alikimbia Unguja wakati wa mapinduzi, akavuka bahari hadi huku na sanduku moja.

Ulisema lugha yenu imebaki kwa wazee wachache. Kisha ukanigeukia, jikoni kwangu Ghubra: "Wewe lugha yako unayo nyumbani, na watoto unawanyima." Nilikasirika wiki nzima. Ulisema kweli.

Kikapu nimekitundika dirishani, mdomo chini, kama ulivyokuwa ukikisuka. Wageni wanataka kukigeuza, nawafokea. Nakuahidi kitafika kwa mpwa wako kisiwani akimalize, na nitakipeleka kwa mkono wangu, maana posta siiamini.

Lala salama, shoga. Sasa binti yangu hapati chakula kwangu mpaka akiombe kwa Kiswahili. Jana alinuna mpaka wali ukapoa, kisha akaomba, kwa Kiswahili kibovu kabisa. Nikampakulia sahani mbili.

Shoga yako,
Zuwena