Pochi Yangu Wanaiita Karteira

Jumatatu, 12 Mei

Palma, Msumbiji. Siku ya nne kwa mama mdogo, Bi Somoe. Asubuhi tulikwenda sokoni, changu wawili na nazi. Tumerudi, nataka kufunga mzigo wa kesho, sioni pochi. Nimegeuza godoro. Nimekung'uta kanga zote. Kikapu alikipakua mama mdogo mwenyewe, anasema hamkuwa na kitu ila samaki na nazi.

Hati ya mpakani imo humo. Bila hati sivuki Namoto, na nisipovuka sifiki Mtwara. Binti yangu Zuhura anajifungua wiki hii. Mimba ya kwanza ilimtoka nikiwa Lindi, kwenye harusi ya watu. Niliapa safari hii nitakuwepo.

Mtu mzima hovyo.

Jumanne, 13 Mei

Badala ya kuwa njiani, nimekaa kwenye benchi la polisi. Askari alikuwa na adabu. Akaandika, akafuta.

"Pochi ndo nini, mama? Karteira?"

Nikasema hiyohiyo. Karatasi ya kuvukia atasaini mkuu, na mkuu yuko Pundanhar. Atarudi lini? Barabara ikikauka.

Mama mdogo kapika wali wa nazi utadhani Idi. "Usihangaike, mwanangu. Mali ya halali haipotei." Hana wasiwasi hata chembe. Ameniudhi.

Jumatano, 14 Mei

Nimezunguka soko zima nikiuliza karteira. Muuza dagaa akaniambia, "Karteira? Zimeletwa shuleni leo." Nilishukuru hadi nikamshika mkono. Nikatembea juani, mchanga umejaa ndala, nafika shuleni naonyeshwa madawati. Mapya, ya mbao, yamepangwa uani. Kumbe kwa Kireno dawati nalo ni karteira. Mwalimu alicheka mpaka akalikalia moja. Mimi nilikaribia kulia.

Zuhura kapiga simu. Heri simu nilikuwa nimeiacha kwenye chaji siku ile. Mkunga kamwambia siku tatu, nne. Nikamwambia niko njiani. Nimemdanganya mwanangu.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua. Mkuu hajarudi. Atakayenitajia subira tena leo nitamjibu vibaya.

Ijumaa, 16 Mei

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi ni siku ya nane na sijapewa hata mwiko. Kila nikisogea jikoni mama mdogo ananirudisha ukumbini. "Kaa, mwanangu. Pumzika."

Leo katoka kwenda kuhani msiba. Nikasema nimpikie, angalau nifanye kitu. Nikatia mkono kwenye debe la mchele kuzamisha kopo. Kopo likagota.

Pochi yangu. Hati, kitana, picha ya Zuhura. Hakikupungua kitu.

Nilikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Nilitaka kupiga kelele. Siku nne. Mama mdogo alinitazama nikigeuza godoro, akanishikia upande mmoja. Nilipanga maneno ya kumwambia, na yalikuwa makali.

Nikainua macho, nikaona sahani zake ukutani. Sita. Watoto wake watano walikimbia vita. Wengine wako Pemba ya huku Msumbiji, wengine Nampula, harudi mtu. Yeye alirudi peke yake, akaziosha, akazipanga. Tangu nije zinashuka mbili, yake na yangu.

Hasira bado ninayo. Sitaandika kwamba imekwisha. Lakini nilitoa hati tu. Pochi nikairudisha mle mle, nikaifunika. Nikachukua mchele wa juu, nikapika.

Aliporudi aliona sufuria imefunikwa. Akaenda kuangalia debe. Akarudi, akala kidogo, akasifu chumvi. Nikamwambia kesho naondoka. Akaitikia, "Haya, mwanangu."

Jumamosi, 17 Mei

Namoto. Nimepanga foleni ya kugongewa mhuri, mbele yangu watu sita na mbuzi mmoja. Zuhura anasema kiuno kinamuuma ila uchungu wenyewe bado.

Asubuhi mama mdogo alinifungia samaki wa kukaanga na vitumbua kwenye kanga yake nzuri. Nikamwambia Zuhura akimaliza arobaini nitakuja naye na mtoto, wakae. Akasema atanunua sahani ndogo. Akanishika mkono mpaka gari ilipofika.

Hakuniuliza nitavuka kwa hati gani.