Hamna Shida, Dada

Mook, upo? Usinipigie, niko koridoni hospitali.

Ni Tonkhao, yule mwanafunzi mpya kutoka mkoa wa Nan, kule nyumbani Thailand. Yule mpole. Wanampasua sasa hivi, kidole tumbo kimepasuka.

Tulikuwa ukumbini, Wathai wote wa chuo, tunakunja majani ya mgomba kuwa vikapu vya kuelea mtoni kwa ajili ya sherehe ya Loy Krathong. Mimi mwenyekiti nahangaika kama kuku anayetaka kutaga. Nikamwona anatiririka jasho. Fukuoka hii ya Japani, na baridi hii! Nikamtania, "We mtoto, unakunja majani au unabeba zege?" Akacheka. "Hamna shida, dada."

Nikamwongezea boksi lingine. Mook, NIKAMWONGEZEA BOKSI.

Akaangukia majani.

Daktari anasema maumivu yalianza juzi. Nikamuuliza mwenyewe, kwa nini hukuniambia? Si mimi niliyekupokea uwanja wa ndege nikakuambia huku dada yako ni mimi? Unajua kanijibu nini? "Dada, uliandika kwenye grupu tusikusumbue mpaka sherehe iishe."

Niliandika. Na emoji za vikono vya kusihi nikaweka!

Wakati anaingizwa chumba cha upasuaji, akakutanisha viganja akaniomba radhi, eti kaniharibia sherehe. Kaniomba radhi MIMI.

Siwezi kukaa, natembea tu. Nimeandika tena kwenye grupu: anayeumwa, mwenye shida yoyote, anisumbue wakati wowote, nawaombeni.

Wamejibu wote, tena fasta.

"Hamna shida, dada."