Mguu Wangu Si Gari

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijahama kwangu. Mimi ni fundi cherehani, nilianguka kwenye ngazi nikavunjika mguu chini ya goti, hospitali wakanifunga vyuma kwa nje, yaani pini zimepita kwenye ngozi hadi mfupani, zimeshikwa na fito na nati ambazo daktari huzirekebisha kidogo kidogo ili mfupa ukae sawa, na akaonya asiziguse mtu mwingine. Sasa mume wangu ni fundi magari, na tangu nirudi nyumbani haoni mguu, anaona nati, na siku moja nimesinzia kwenye kochi nikashtuka kwa maumivu, kumbe ameshika spana ananikaza, ati moja inacheza. Mfupa ukasogea, ikabidi nikanyooshwe upya, na daktari alipouliza nikasema nimejigonga kitandani, maana niliona aibu kumchongea mume wangu. Yeye bado anasema daktari hajui kukaza. Nimemwambia akigusa tena nahamia kwa dada yangu, na siku hizi nalalia spana zake chini ya mto. Mama mkwe anasema nimemvunjia mwanawe heshima, nimwombe radhi mbele ya ndugu. Siombi ng'o, lakini nampenda huyu mwanamume, nifanye nini?

Mwenye Vyuma

Mwenye Vyuma, pole sana, na hongera kwa kuzilalia hizo spana. Radhi usiombe. Heshima gani hiyo ya kukazwa nati ukiwa usingizini? Mkweo mwambie kwa adabu kwamba mguu ni wako.

Lakini na wewe nakugombeza. Unamdanganya daktari halafu unataka akunyooshe mfupa? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Rudi ukamwambie ukweli, tena nenda na mumeo, aonyeshwe picha ya mfupa aone nati yake ilivuta nini. Simwoni mtu mbaya. Amezoea kukaza kilicholegea, na kukutazama tu bila la kufanya kunamtesa. Basi mpe kazi: nesi amfundishe kusafisha pini, ila grisi ya gereji imtoke kwanza kwenye kucha.

Akikataa kwenda, hamia kwa dada yako mpaka vyuma vitolewe, wala usiage mara mbili. Gari likimshinda atatafuta spea. Mguu wako hauna spea. Na hiyo radhi ya mbele ya ndugu ataiomba yeye, akishanawa mikono.